Aina Nne Katika Sura Moja

Mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 60 tangu mtafiti Dunbar alipotangaza kwamba usubi wa Uganda, aliyedhaniwa kuwa aina moja, kwa hakika ni aina nne ambazo jicho haliwezi kuzipambanua. Na habari hiyo haiwi baidi na wakazi wa Sherikat, ng'ambo ya mashariki ya mto Nile hapa Juba, maadamu maji yapitayo Jinja nchini Uganda ndiyo hayo yapitayo kwao.

Theobald alimpa nzi huyo jina la Simulium damnosum mwaka 1903. Waliomfuata walitegemea hadubini, na kitabu cha Freeman na De Meillon, kilichotolewa London mwaka 1953, ndicho kilichokuwa kadhi wao: hutazamwa kibyongo cha mgongo, nyayo za mbele zilizopanuka na kuota manyoya meusi, kisha huhesabiwa nyuzi za kupumulia za bundo aliyegandama majini.

Lakini kisa cha ajabu kuliko vyote ni cha usubi mwingine, Simulium neavei, ambaye Roubaud alimwandika mwaka 1915, akajulikana sura yake asijulikane kwao. Mawe yakapinduliwa, majani yakapekuliwa, mabuu yasionekane. Garnham na McMahon, nchini Kenya, walimwaga dawa ya DDT katika mito ya Kodera na kumfuta kabisa nzi ambaye hakuna aliyepata kumwona utotoni mwake, na habari hiyo wakaichapisha mwaka 1947! Siri ilifichuka mwaka 1950 tu, pale Van Someren na McMahon walipomshika kaa wa mtoni, wakaona mabuu na mabundo yameng'ang'ania gamba lake, yakichukuliwa huku na huko kama abiria wasiolipa nauli.

Dunbar yeye aliacha miguu na manyoya, akapasua tezi za mate za mabuu, akasoma mistari ya kromosomu, na hapo ndipo wale wanne walipotengana.

Siku hizi fedha nyingi huenda kwenye ugawaji wa vidonge vya ivermectin dhidi ya upofu wa mtoni, ugonjwa ambao nzi hawa huueneza, jambo jema bila shaka. Huko Maridi, nchini Sudan Kusini, tangu mwaka 2019, wanakijiji hukata majani penye maji yanayofurika bwawani, ambamo mabuu hujishikiza, na nzi waumao wamepungua. Hata hivyo naona ni taksiri kubwa kuwapa vijana wetu panga bila ya hadubini, nao wakawa hawajui ni aina ipi waliyoipunguza.