Kabla ya tiki za bluu kulikuwa na S.L.P.

Leo mtu akichelewa kujibu meseji dakika 10 tu, moyo unaenda mbio. Sasa fikiria kusubiri wiki tatu!

Ndivyo watu walivyopendana miaka ya 70 na 80. Tanzania barua haikuletwa mlangoni, ilifikia kwenye sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe lilikuwa la shule, la ofisi au la mjomba. Yaani kabla haijakufikia, ishapita mikononi mwa watu. Kwa wanafunzi wa bweni ndio usiseme. Mwalimu akiifungua, inasomwa mstarini mbele ya shule nzima, na fimbo juu.

Ndio maana ukazuka ufundi. Mwandiko wa kuremba, karatasi ya maua, poda kidogo ndani ya bahasha. Mvulana anajiandika jina la kike ili barua ipite. Wengine walimpa kondakta wa basi aifikishe. Asiyejua kuandika alimtuma rafiki mwenye maneno matamu, na wapo walioporwa mchumba hapohapo.

Simu za mkononi zikaingia nchini miaka ya 90, zikasambaa miaka ya 2000. SMS moja ikabana mapenzi ndani ya herufi 160. Haraka ikapatikana, ila kumbukumbu ikapotea. Simu ikiibiwa, mapenzi yote yameenda nayo.

Barua ya bibi ya mwaka 1982 bado ipo chini ya sanduku la nguo, imekunjwa, inasomeka. Meseji zako za mwaka juzi ziko wapi?