Matandiko ya vifaranga: kinachofaa kutandikwa kabla sanduku halijafika nyumbani

Katika maduka ya pembejeo ya Container Village, eneo la Nakivubo jijini Kampala, ununuzi wa vifaranga wa siku moja humalizika kwa dakika chache. Masanduku ya katoni yenye matundu hupangwa mlangoni, kila moja likiwa na vifaranga 100 waliogawanywa katika vyumba vinne vya 25. Mnunuzi hulipa, sanduku hufungwa nyuma ya pikipiki, na safari ya kuelekea Wakiso, Mukono au Mpigi huanza. Katika duka lilo hilo amekwisha kuuziwa chakula, vyombo vya maji na pengine pakiti ya vitamini. Kitu kimoja mara nyingi hakimo rafuni, nacho ndicho kifaranga atakachokikanyaga, atakachokilalia na kukidonoa muda wote wa juma la kwanza. Kitu hicho ni matandiko.

Kwa kuwa matandiko hutokana na takataka za viwanda na karakana, wafugaji wengi huyatafuta sanduku likiwa tayari limefika nyumbani. Hapo huchukuliwa kilicho karibu: gazeti la jana, unga wa mbao uliolowa, au majani ya mgomba kutoka uani. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayomtosha kwa siku mbili hadi tatu. Ndiyo sababu anaweza kusafirishwa bila kula kutoka vituo vya kutotolesha, kama vile Ugachick au Biyinzika, hadi mjini na kutoka mjini hadi kijijini. Lakini akiba hiyo ikiisha, ni lazima awe amekwisha kujua kutembea, kula na kunywa. Kifaranga aliyewekwa juu ya sakafu baridi au inayoteleza hashughuliki na chakula. Hujikunyata pamoja na wenzake. Akifa siku ya nne au ya tano, muuzaji hulaumiwa kwamba aliuza vifaranga wabaya, na sakafu haishukiwi.

Sakafu na mwili wa kifaranga

Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu, na hawezi kujitosheleza kwa joto. Katika juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, ambalo hupunguzwa kwa nyuzi mbili au tatu kila juma. Joto hilo hupimwa pale anaposimama, wala si usawa wa kichwa cha mfugaji. Saruji tupu hunyonya joto kupitia nyayo hata kama jiko linawaka hatua mbili kutoka hapo. Kipimo cha bure kipo: mguu wa kifaranga uguswe shavuni au shingoni. Ukiwa baridi, basi kifaranga ana baridi, hata kipimajoto kikisema nini.

Viungo vya miguu yake navyo bado ni laini. Juu ya karatasi nyororo miguu huteleza kila mmoja upande wake, na baada ya siku moja au mbili za kuteleza baadhi yao hushindwa kuikusanya tena chini ya mwili. Mfugaji huona kilema na kudhani kifaranga alianguliwa nacho, ilhali mara nyingi kilema hicho kimeletwa na gazeti.

Tumbo ni jambo la tatu. Katika siku za mwanzo kifaranga hajui tofauti kati ya chakula na kisicho chakula. Hudonoa kila chembe ndogo iliyo mbele yake. Unga laini wa mbao hufanana mno na chakula chake. Akiujaza tumboni hushiba bila kulishwa, na firigisi yake huziba.

Mapafu huja mwisho, ingawa madhara yake ndiyo mazito kuliko yote. Matandiko yaliyoota ukungu hutoa vijidudu vyepesi kuliko vumbi, ambavyo kifaranga huvivuta na vikaota ndani ya mapafu na mifuko yake ya hewa. Huhema mdomo ukiwa wazi, hukataa kula, na wengi hufa katika majuma mawili ya mwanzo. Hakuna tiba ya maana kwa ugonjwa huu. Kinga yake hufanyika siku ya kuchagua gunia.

Yapatikanayo Kampala

Maranda, yaani vipande vyembamba vinavyotoka kwenye randa ya seremala, ndiyo yenye sifa bora. Hunyonya unyevu, hukauka upesi, hubonyea chini ya mguu bila kuteleza, na ni makubwa kiasi cha kutomezwa kwa urahisi. Karakana za Ndeeba na Bwaise huyatoa kwa wingi. Mnunuzi hana budi kuuliza mbao zilizorandwa ni za namna gani. Maranda ya msonobari uliokauka yanafaa. Ya mbao mbichi huja na maji ndani yake na huota ukungu guniani. Yanayotokana na mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yasikaribishwe kabisa, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromu na aseniki, na kifaranga atazila. Sehemu ya chini ya gunia nayo ichunguzwe kwa mkono kabla ya kulipwa: misumari na vipande vya bati hujificha humo.

Unga wa mbao unaotoka kwenye misumeno ni kitu kingine, ijapokuwa wauzaji wengine huvichanganya katika gunia moja. Kwa kuku wakubwa unaweza kuvumiliwa. Kwa vifaranga wa juma la kwanza haufai, kwa sababu ya tumbo na kwa sababu ya vumbi.

Maganda ya kahawa yanastahili maelezo marefu zaidi, kwani ndiyo matandiko yanayojulikana sana katika mabanda ya Uganda ya kati. Kahawa aina ya robusta hukaushwa ikiwa nzima, na katika hali hiyo wakulima huiita kiboko. Mashine za kukoboa zinapotoa buni, maganda hubaki kuwa lundo. Ni mepesi, ni makavu yakitoka mashineni, na hayashikamani upesi. Bei yake hupanda na kushuka, kwa kuwa matanuri ya matofali na ya saruji nayo huyahitaji kama kuni. Tatizo lake hutegemea mahali yalikokaa. Lundo lililolala nje ya kiwanda wakati wa mvua hupata joto ndani, huwa la kijivu na kuota ukungu, na bado huuzwa. Mkono uingizwe hadi katikati ya gunia: maganda yenye joto, yenye harufu ya uchachu au yenye utando mweupe yaachwe hapo hapo. Aidha, maganda haya yana kafeini, kwa hiyo yasiachwe wazi kwa vifaranga ambao hawajajifunza kula chakula chao.

Kumvi za mpunga hutoka zaidi mashariki mwa nchi, katika wilaya kama Bugiri na Butaleja. Ni kavu na haziozi upesi, lakini hazinyonyi maji mengi. Unyevu hupita kati yake na kutuama sakafuni. Zinafaa zikichanganywa na maranda, au zikiwekwa kwa kina cha kutosha na kugeuzwa mara kwa mara.

Hapa msemaji wa Kiswahili anahitaji tahadhari ya lugha. Neno pumba hutumiwa na wengine kwa maganda ya nje ya nafaka, na wengine kwa kile kinachobaki baada ya kukoboa mahindi, ambacho ni chakula cha mifugo. Viwanda vya Kisenyi, karibu na Nakivubo, huuza pumba kwa maana hii ya pili. Atakayeomba pumba za kutandika anaweza kurudi na chakula, na chakula kilichotandazwa sakafuni huloa, huchacha na kuvuta panya katika muda wa siku mbili. Ni salama zaidi kusema kumvi au maganda, au kutumia neno la Kiganda ebisusunku na kutaja ni ya mpunga au ya kahawa.

Mengine yaliyobaki yana mipaka yake. Nyasi kavu hufaa zikikatwa vipande vifupi, vya sentimita tatu hivi. Zikiwa ndefu hufumana na kuwa mkeka unaofunika unyevu chini. Maganda ya karanga huota ukungu kwa wepesi. Mchanga hufaa penye jua kali, lakini ule unaouzwa kwa wajenzi wa Kampala mara nyingi huja ukiwa umelowa, na mchanga uliolowa ni baridi kama saruji. Majani makavu ya mgomba huteleza na hushika maji.

Kiasi na maandalizi

Vifaranga 100 huanzia katika bruda, yaani uzio wa duara wa mabati au katoni ngumu, wenye upana wa mita mbili. Duara hilo lina eneo la mita za mraba tatu na kidogo. Matandiko yenye kina cha sentimita tano yatajaza gunia moja la kilo 100 za mahindi na kuzidi kidogo. Ni heri kununua mawili, kwa kuwa la pili litahitajika kubadilisha sehemu zitakazolowa. Uzio wa duara huchaguliwa kwa sababu vifaranga hurundikana pembeni na kukanyagana.

Gunia lifunguliwe siku mbili kabla ya vifaranga kuja, na matandiko yaanikwe juani juu ya turubai. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, jua la kutosha huweza kukosekana, hivyo ununuzi ufanywe mapema zaidi. Sakafu ioshwe, ikauke kabisa, kisha ndipo yatandazwe. Joto liwashwe saa 24 kabla ya vifaranga kufika, ili matandiko yenyewe yapate joto na si hewa tu.

Chanzo cha joto katika nyumba nyingi ni jiko au chungu cha mkaa, na hapa matandiko yale yale mazuri huwa hatari. Maranda makavu hushika moto kwa cheche moja. Jiko liwekwe juu ya matofali, lizungushiwe kizuizi, na matandiko yasogezwe mbali nalo. Mkaa pia hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, kwa hiyo banda lisizibwe kila tundu kwa hofu ya baridi.

Kwa siku mbili au tatu za kwanza matandiko yafunikwe kwa karatasi yenye mkwaruzo au kitambaa cha pamba, na chakula kidogo kinyunyizwe juu yake. Kifaranga atajifunza kudonoa chakula badala ya maranda. Magunia ya plastiki yaliyofumwa hayafai, kwani nyuzi zake huchomoka na kujizungusha vidoleni.

Juma la kwanza hadi la tatu

Kifuniko kikiondolewa, adui mkubwa huwa maji. Vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu hutoka katika kinyesi vikiwa bado havina uwezo wa kuambukiza. Vikipata unyevu, hewa na joto, huiva katika siku moja au mbili. Bruda ina joto na hewa daima, na kitu pekee ambacho mfugaji anaweza kuvinyima ni unyevu. Vyombo vya maji vipandishwe juu ya kipande cha tofali au ubao, usawa wa mgongo wa kifaranga, na duara la majimaji linalojitokeza kandokando liondolewe kila siku na kujazwa matandiko makavu kutoka lile gunia la pili.

Hali ya matandiko hupimwa kwa kiganja. Konzi moja hukamatwa na kubanwa. Yakishikamana kama donge lisilovunjika, yamelowa kupita kiasi. Yakishikamana kidogo na kumomonyoka mkono unapofunguka, yako sawa. Yakitawanyika kama vumbi, ni makavu mno na yatawasumbua vifaranga kwa kuwakohoza. Pua nayo hutoa habari, ila haiaminiki kwa muda mrefu: anayeshinda bandani huizoea harufu kali ya amonia na kuacha kuisikia. Mfugaji ainame hadi usawa wa vifaranga mara tu anapoingia asubuhi. Macho yakimwasha hapo, wao wamekuwa humo usiku kucha.

Kundi likihamishwa, matandiko yake yasitumiwe kwa vifaranga wapya, hata yakionekana makavu. Wala yasitupwe mitaroni. Mvua ya Kampala huvichukua vitu vya namna hiyo hadi mkondo wa Nakivubo, na mkondo huo humwaga katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Yakilundikwa, yakafunikwa na kuachwa kwa majuma kadhaa yaoze, huwa mbolea inayonunuliwa na wakulima wa migomba na kahawa. Maganda yaliyotoka Masaka kwa lori huweza kurudi huko huko yakiwa na thamani kubwa kuliko yalivyoondoka.