Alamu ya Ndai: Vile Utachagua Poa na Kuwanyima Wakora Chansi

Beshte yangu alipaki Demio yake kwa mall moja hapa Nairobi, Ijumaa jioni. Akabonyeza rimoti huku akitembea, simu kwa sikio, akaingia kununua kuku. Dakika 20 hivi baadaye lapi ilikuwa imeenda, na kazi ya mteja ya miezi 3 ikaenda nayo. Hakuna kioo kilivunjwa. Alamu haikulia hata sekunde moja. Soja alizunguka hiyo gari mara mbili akamuuliza, "Mdosi, una uhakika ulifunga?"

Alikuwa na uhakika. Lakini gari haikuwa imefungwa.

Hii mchezo iko hivi. Rimoti inatuma ujumbe kwa mawimbi ya redio. Gari nyingi zenye zimeundiwa soko la Japan zinatumia 315 MHz, zile za Ulaya nyingi ni 433 MHz. Mkora anakaa kwa gari ya tatu kutoka kwako na kadude kanapiga kelele kwa hayo masafa. Unabonyeza, ujumbe wako unazama kwa hiyo kelele, gari haisikii kitu, na wewe ushageuka unaenda. Anakuja kama mwenyewe, anafungua mlango, anabeba, anahepa. Na juu gari haikufungwa, alamu nayo haikuwa imewashwa.

Kwa hivyo kabla uanze kuuliza alamu gani ni kali, shika hii tabia leo, haina gharama. Simama kando ya mlango. Bonyeza, ngoja taa zimulike na usikie lock zikipiga "tak", halafu vuta mlango kwa mkono. Ukibonyeza mara mbili na gari inakuangalia tu, usiseme betri ya rimoti imeisha. Funga na ufunguo wa chuma (hata zile rimoti za kubonyeza start huwa na ufunguo mdogo umefichwa ndani), ama utoe ndai hapo kabisa.

Sasa tukuje kwa alamu yenyewe

Alamu ya kawaida ni boksi ndogo ya ubongo, king'ora, sensa ya mtikiso, swichi za milango, na kale kataa kekundu kanapepesa kwa dashibodi. Duka litakuambia zote ni moja. Si moja.

Kitu ya kwanza ya kuuliza ni kama kodi inabadilika kila ukibonyeza. Zile za bei ya kutupa kodi yake ni moja milele: mtu akiinasa mara moja ukifunga, ako na rimoti yako. Muuzaji akianza kuzungusha maneno hapo, songa duka ingine.

Ya pili ni king'ora chenye betri yake ndani. Kwa king'ora cha kawaida, mwizi akifungua boneti na kukata waya ya betri ya gari, kelele imeisha. Chenye betri yake kinaendelea kulia. Hapo pia uliza kama boneti na buti zinawekewa swichi, juu mafundi wengi huunganisha milango 4 tu wakaita hiyo kazi.

Ya tatu watu huipuuza na ndiyo huua alamu nyingi: sensa ya mtikiso. Nunua yenye ina hatua mbili. Ukigusa gari kidogo inatoa onyo fupi, ukiipiga kabisa inalia yote. Halafu ikae na fundi mpaka ipimwe vizuri. Ikiwa kali sana, mathree ikipita na woofer ya kutikisa mtaa mzima, ndai inaanza kulia. Saa nane usiku paka akiruka juu ya boneti, inalia. Wiki moja tu na hakuna jirani ataamka tena, na wewe mwenyewe utaanza kuiacha bila kuwasha. Mkora anayejua ploti yenu ataitingisha makusudi usiku tatu mfululizo, ya nne akuje kufanya kazi.

Kama unaishi fourth floor Umoja na gari inalala chini nje ya geti, fikiria ile ya rimoti yenye kioo, inayokuambia gari imeguswa. Ni ghali kidogo na kuta za mawe hupunguza mawimbi, kwa hivyo ijaribu ukiwa kitandani kabla ulipe doo yote. Kama gari inalala kwa basement ya ofisi, hiyo pesa weka kwingine.

Fundi ndiye ana siri zako

Alamu ya bei kali ikifungwa vibaya ni takataka. Waya zikisokotwa na kufungwa na selotepu kwa jua la Nairobi zitaachia tu. Mwambie azichome risasi na azifunike. King'ora kisikae mahali mtu anaingiza mkono kupitia tairi la mbele. Ile swichi ndogo ya kuzima alamu, wengi huiweka chini ya usukani, na kila mkora anajua ni chini ya usukani. Ihamishe.

Siku ya pili, kama gari ilikuwa inawaka fiti na sasa inasumbua asubuhi, alamu inaweza kuwa inanyonya betri. Gari ikiwa imezimwa na imetulia, vitu zote pamoja kwa kawaida hazifai kuvuta zaidi ya miliampea 50. Fundi wa waya mwenye mita anapima hiyo haraka.

Na chagua duka lenye linakupea risiti na liko hapo mwaka ujao. Huyo msee anajua kila waya ya ndai yako, na anajua unapoishi kama ulimuita kejani. Hapo hapo: kwa car wash usiache funguo zote kwa ring moja na ile ya nyumba.

Kitu ingine alamu haifanyi ni kusimamisha gari. Hiyo ni kazi ya cut-out, swichi ya siri inayokata starter ama pampu ya mafuta. Ulaya gari mpya zimelazimishwa kuwa na immobilizer tangu 1998, lakini Probox na Vitz nyingi za kitambo ziko na ufunguo wa chuma tupu, bila chip yoyote. Kwa hizo, cut-out ni pesa nzuri kuliko king'ora. Itisha yenye inakata starter. Ile ya kuzima injini gari ikitembea ni ngori: fikiria ndai izime Thika Road katikati, nyuma yako kuna trela.

Kama ndai ni ya kubonyeza start, kuna wizi mwingine ambapo wasee wawili wanavuta mawimbi ya ufunguo wako kutoka kwa mlango wa nyumba hadi kwa gari, gari inadhani uko hapo. Weka ufunguo ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko na ujaribu kama gari bado inafunguka ukisimama nao karibu. Toyota nyingi pia zinakubali kuuzima: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, kataa kamulike mara 4.

Side mirror nazo?

Hapa alamu haikusaidii kitu. Side mirror inang'olewa kwa jam ukiwa ndani unaangalia, na sensa imezimwa juu injini inawaka. Ndiyo maana unaona ndai zimechorwa namba kwa kila kioo, na mirror zimepigwa riveti. Haizuii mtu mwenye hasira, lakini kioo chenye namba yako ni ngumu kuuza. Anayekimbizana na sekunde 5 ataenda kwa gari yenye haina.

Ukishaibiwa, utaambiwa uende Grogan, huko Kirinyaga Road, utapata nafuu. Wapo wengi pale wanauza spea halali. Lakini ile stori ya msee kuuziwa side mirror yake mwenyewe unaijua, na kununua kitu ukijua, ama ukiwa na sababu ya kuamini, ni cha wizi kunaweza kukufunga hadi miaka 14 kwa sheria ya Kenya, kifungu cha 322. Itisha risiti.

Lapi na bag ziingie kwa buti kabla ufike unakoenda. Ukifungua buti kwa parking na kuficha lapi mbele ya watu, umewaonyesha tu iko wapi.

Traka inasaidia gari ikienda nzima. Dirisha likivunjwa haijui. Hata hivyo uliza bima, juu kampuni nyingi hukukata kiasi kikubwa gari ikiibiwa kama haikuwa na kifaa cha kuzuia wizi. Third party nayo hailipi wizi kabisa, na comprehensive nyingi hazigusi vitu ulivyoacha ndani. Beshte yangu alijua hiyo akiwa tayari kwa ofisi ya bima.

Ikikupata, usianze kufagia vioo. Piga picha, badilisha password za akaunti zenye zilikuwa wazi kwa lapi, enda kituo cha polisi cha karibu uchukue OB namba na baadaye abstract. Na itisha CCTV siku hiyo hiyo, kwa maandishi, juu rekodi za zamani hufutwa kupisha mpya.