Ng'ombe, Kondoo na Hayawani: Historia ya Maneno ya Sifa za Wanyama katika Kiingereza, Kiswahili na Kinubi cha Makina

Katika mijadala ya tafsiri husikika mara kwa mara lalamiko kwamba Kiswahili ni maskini wa vivumishi, na mfano utolewao aghalabu ni ule wa sifa za wanyama. Kiingereza kina "bovine" kwa mambo ya ng'ombe, "canine" kwa ya mbwa, "feline" kwa ya paka, "porcine" kwa ya nguruwe, "asinine" kwa ya punda na "leonine" kwa ya simba. Kiswahili, yadaiwa, hakina hata kimoja cha kulingana navyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wingi huo wa Kiingereza ni zao la historia maalumu, wala si kipimo cha ubora wa lugha; kwamba kazi ambayo Kiingereza huigawanya baina ya maneno ya asili na maneno ya kukopa, Kiswahili huigawanya kwa sarufi; na kwamba ushahidi wa jambo hilo unapatikana mjini Nairobi, katika mtaa wa Makina ulioko Kibera, ambako Kinubi, Kiswahili na Kiingereza vimeishi pamoja kwa muda mrefu.

1. Tabaka mbili za Kiingereza

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba majina ya wanyama wa nyumbani katika Kiingereza, kama vile "cow", "sheep" na "swine", ni ya asili ya Kigermanik cha kale, ilhali vivumishi vilivyotajwa hapo juu vimetoka katika Kilatini. Neno "bos", yaani ng'ombe, lilizaa "bovinus". "Canis" lilizaa "caninus". "Porcus" lilizaa "porcinus". "Asinus" lilizaa "asininus". Kiambishi tamati ni kimoja, na kiliingia Uingereza pamoja na maneno yenyewe.

Mara nyingi hali hii huelezwa kwa kurejea uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Riwaya ya Walter Scott iitwayo Ivanhoe, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1819, ilieneza sana wazo kwamba mnyama akiwa malishoni huitwa kwa jina la mchungaji wake Msaksoni, na akiwa mezani huitwa kwa jina la bwana Mnormani: ndiyo asili ya "beef", "mutton" na "pork". Maelezo hayo yanahusu nyama. Vivumishi vingi vilipita mlango mwingine, nao ni mlango wa shule. "Leonine" lilikuwa limekwisha ingia katika karne ya 14; mengi ya wenziwe yaliingia katika karne zilizofuata, wakati Kilatini kilipokuwa lugha ya vyuo vikuu, ya sheria na ya uganga. "Bovine" lenyewe halikuzoeleka hadi karne ya 19, baada ya Linnaeus kuwapanga wanyama kwa majina ya Kilatini katika chapa ya 10 ya Systema Naturae, mwaka 1758. Kwa hiyo maneno hayo hayakuzaliwa zizini, bali yalizaliwa katika maandishi ya wasomi.

Kabla ya hapo Kiingereza kilikuwa na njia yake cha chenyewe, nayo haijafa. Kiambishi "-ish" kilitiwa mwishoni mwa jina la mnyama kikaleta "sheepish", "swinish" na "wolfish". Kiambishi hicho ndicho kilichomo katika "English" na "Spanish", majina ya watu na lugha zao. Msomaji wa Kiswahili hawezi kushindwa kuona ufanani: ki- iliyomo katika Kiswahili na Kiingereza ndiyo iliyomo katika "-a kinyama" na "-a kikondoo". Lugha mbili zisizo na nasaba zimeichukua alama ya desturi za watu na kuifanya alama ya desturi za wanyama.

Tabaka hizo mbili zilipokutana ziligawana kazi. Neno la asili likabaki na hukumu juu ya mwenendo wa mtu: "sheepish" ni mtu aliyeona haya. Neno la Kilatini likachukua uainishaji: "ovine" ni neno la daktari wa mifugo. Hata hivyo mgawanyo huo haukukamilika. "Asinine" leo ni tusi la upumbavu, na "bovine" akiambiwa mtu humaanisha mzito wa akili.

2. Mgawanyo wa Kiswahili

Kama lugha nyingine nyingi za Kibantu, Kiswahili kina vivumishi halisi vichache. Mzigo wa kusifu hubebwa zaidi na -a unganifu pamoja na jina. Kutokana na hali hiyo imedhaniwa kwamba sifa za wanyama hazina utaratibu. Utaratibu upo, na mfano mmoja watosha kuudhihirisha. "Hospitali ya wanyama" ni mahali wanapotibiwa ng'ombe na mbuzi. "Hospitali ya kinyama", kama ingetajwa, ingekuwa ni ile inayowatesa wagonjwa wake. "Chakula cha wanyama" huuzwa dukani. "Mauaji ya kinyama" hupelekwa mahakamani. Unganifu peke yake huainisha. Unganifu ukifuatwa na ki- huhukumu. Ngeli ya u- huichukua hukumu hiyo na kuifanya dhana: unyama, ufisi, ukupe. Neno kupe lilipata uzito mpya Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipotumiwa kwa watu waliodaiwa kuishi kwa jasho la wenzao.

Mpaka huo si ukuta. "Moyo wa simba" na "roho ya fisi" ni hukumu zilizotumia unganifu peke yake, kwa kuwa moyo na roho vimekwisha kuonyesha kwamba asemwaye ni mtu. Aidha ki- yenyewe haina ubaya: "-a kitaalamu" ni sifa njema. Ubaya au uzuri hutokana na vile jamii imwonavyo mnyama mwenyewe. Lililo muhimu ni kwamba uchaguzi ambao msemaji wa Kiingereza huufanya baina ya maneno mawili yenye nasaba mbili, msemaji wa Kiswahili huufanya kwa kutia au kuacha silabi moja.

Lalamiko la umaskini lilichochewa na namna kamusi zilivyopangwa. Kamusi za Kiingereza-Kiswahili, kama ya Madan ya mwaka 1894 na ile iliyosimamiwa na Johnson ya mwaka 1939, huanza na neno la Kiingereza na kulitafutia jibu. Jibu likiwa ni fungu la maneno, nafasi ya neno moja huonekana kama pengo. Kama safari ingeanza upande wa pili, pengo lingekuwa la Kiingereza: kisingekuwa na silabi moja ya kutenga hospitali ya wanyama na hospitali ya kinyama.

3. Ushahidi wa Makina

Wanubi wa Kibera ni kizazi cha askari waliotoka Sudani. Wengi wao walikuwa wa jeshi la Emin Pasha katika jimbo la Equatoria. Lugard aliwaingiza katika utumishi wa Waingereza mwaka 1891, na baadaye wakawa nguzo ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Walipewa makazi nje ya Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi "kibra", yaani msitu. Baada ya madai ya miongo mingi jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017. Makina ni mojawapo ya makao yao ya tangu zamani.

Lugha yao, iliyochunguzwa na Bernd Heine katika kitabu chake cha mwaka 1982, ni krioli iliyojengwa kwa msamiati wa Kiarabu. Sasa, Kiarabu kina njia nyepesi ya kuunda vivumishi vya wanyama: jina hutiwa kiambishi cha nasaba, na "kalb", mbwa, huzaa "kalbi". Kinubi, kilichozaliwa katika kambi za askari wa makabila mengi, kilipoteza sehemu kubwa ya unyambuaji wa Kiarabu. Badala yake hutumia chembe "ta" ya umiliki: kilicho "ta bagara" ni cha ng'ombe. Mtoto wa Makina aliyekulia katika Kinubi nyumbani na Kiswahili barabarani hukuta muundo ule ule mara mbili. Akifika shuleni hukuta "bovine", na huambiwa kwamba lugha zake mbili zimepungukiwa. Hakuna aliyepungukiwa. Kinubi kilipitia kambini, Kiingereza kikapitia vyuoni. Kila kimoja kina alama ya njia yake.

Hata maana ndani ya neno "bovine" ina mipaka. Miongoni mwa Wanuer na Wadinka wa Sudani ya Kusini, majirani wa ile Equatoria walikotoka askari hao, kijana hupewa jina la maksai wake na huitwa hivyo kwa heshima. Evans-Pritchard aliyaeleza hayo mwaka 1940. Kwa watu hao kufananishwa na maksai ni sifa. Mfasiri anayeandika "-a kijinga" mahali pa "bovine" amefasiri dharau ya Kiingereza. Anayeandika "-a ng'ombe" amefasiri uainishaji. Haifai achague bila kujua.

4. Uhai na hayawani

Laweza kuulizwa kama Kiswahili nacho hakikukopa neno la kisomi. Kilikopa, nalo ni hayawani. Katika Kiarabu "hayawan" ni kiumbe hai, na mzizi wake ndio uliotupa hai na uhai. "Animal" la Kiingereza nalo limetokana na "anima" la Kilatini, yaani pumzi. Mnyama wa Kiswahili ana mzizi mmoja na nyama. Majina matatu, basi, yalianza kwa kutaja uhai, pumzi na mwili, mambo ambayo binadamu anashiriki na viumbe wengine. Na yote matatu leo hutumiwa kumtoa mtu katika ubinadamu. Ng'ombe hajapata kutenda unyama. Neno hilo limetungwa kwa ajili ya matendo ya watu.

Yafuatayo ndiyo yapasayo kuzingatiwa na watunga kamusi. Hakuna haja ya kuunda vivumishi vipya kwa kuiga Kilatini. Inatosha kila ingizo la mnyama lionyeshe waziwazi matumizi yake matatu, la -a, la ki- na la u-, pamoja na hukumu iambatanayo na kila moja. Mwanafunzi atakayeuona mpango huo hatatafuta tena pengo. Ataona kwamba lugha yake ilikwisha kutenga uainishaji na hukumu, na kwamba ni juu yake kuchagua lini amwite mtu mnyama.