Kutoka Kipanya cha Mezani hadi Kitochi cha Shambani

Leo tuangalie historia fupi ya kitu unachokishika kila siku, maana kosa la kidole linaweza kukugharimu mtaji.

Mwaka 1964, huko Marekani, Douglas Engelbart na Bill English walitengeneza kipanya cha kwanza cha kompyuta, tunachokiita mausi. Kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Kilifanya kazi vizuri, ila kwa sharti moja: uwe na meza. Ndiyo maana kilizoeleka kwenye ofisi za Posta, si shambani.

Sisi tunafanya kazi tumesimama, mkono mmoja umeshika gunia. Kifaa cha kutufaa ni kile ambacho kidole gumba kinamaliza kazi yote. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100. Batani zake zilifunikwa kwa mpira kuzuia vumbi, ubavu wake hautelezi, na juu ina tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Simu za namna hiyo tukaziita kitochi, na Kariakoo bado zinauzwa.

Mwaka 2008 M-Pesa ilipoanza Tanzania, kitochi kilitosha: menyu ina namba, unabonyeza 1 au 2, basi. Batani unaisikia kwa kidole hata bila kuitazama.

Simu janja ni tofauti. Kioo chake kina umeme mdogo, na hutambua kidole kinapoubadilisha. Kidole chenye maji, au chenye sugu kavu, hukichanganya. Mama mmoja muuza nyanya aliniambia alituma shilingi 180,000 huku mikono imelowa. Tarakimu moja ilikosewa, na hela ya mzigo ikaenda kwa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo:

1. Futa mikono na kioo kabla ya kutuma hela.
2. Hifadhi namba za wateja wako kwa majina, usiandike upya kila mara.
3. Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri.
4. Kama una kitochi kizima, usikitupe. Kifanye cha miamala, simu janja iwe ya picha na bei za soko.

Haraka haraka haina baraka. Kazi njema.