Tetemeko la Kashmir la 2005: jinsi misaada ilivyopandishwa milimani

Ilikuwa saa mbili na dakika 50 asubuhi, Jumamosi ya Oktoba 8, 2005, katika siku za mwanzo za mwezi wa Ramadhani, pale ardhi ilipotikisika kaskazini mwa Pakistan. Watoto walikuwa wamekwishaingia madarasani. Tetemeko hilo, lililokuwa na nguvu ya 7.6, liliuangusha mji wa Balakot takriban wote, likaubomoa vibaya mji wa Muzaffarabad, makao makuu ya sehemu ya Kashmir inayotawaliwa na Pakistan, na kuzika maelfu ya wanafunzi chini ya shule zao. Pakistan ilipoteza zaidi ya watu 73,000. Upande wa Kashmir ulio chini ya India walikufa zaidi ya 1,300. Watu wapatao milioni 3 walibaki bila makaazi, na theluji ilikuwa imebakisha majuma machache tu kuanza kushuka.

Hayo majuma machache ndiyo yaliyolifanya janga hili kuwa mtihani wa usafirishaji kuliko kitu kingine chochote. Mahema, unga na blanketi vilikuwako duniani, na ndege za kuvileta hadi Islamabad hazikukosekana. Taabu ilikuwa kuviondoa Islamabad na kuvifikisha kwenye vijiji vilivyotawanyika juu ya majabali, nyumba tatu hapa, nyumba tano kule, mahali ambapo hata kabla ya tetemeko mtu alitembea kwa miguu nusu siku kutoka barabara ya gari.

Barabara zilizofunikwa

Kutoka Islamabad hadi Muzaffarabad ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na mwendo wote ni wa kona na makorongo. Maporomoko ya ardhi yalikuwa yameikata mara nyingi njia hiyo. Wahandisi wa jeshi la Pakistan waliifungua kwa siku chache, lakini mabonde yanayopanda kutoka mjini, la mto Neelum na la mto Jhelum, yalibaki yamefungwa kwa wiki kadhaa. Kila tetemeko dogo lililofuatia lilishusha mawe mapya mahali palipokwisha safishwa. Karibu na Hattian Bala kipande kizima cha mlima kiliporomoka na kuziba mkondo wa maji.

Wale ambao kwa kawaida wangeongoza kazi ya uokozi walikuwa wahanga wenyewe. Ofisi za serikali mjini Muzaffarabad ziliporomoka na watumishi wake, na jeshi lilipoteza mamia ya askari katika kambi zake za milimani. Pakistan wakati huo haikuwa na idara ya kudumu ya kukabiliana na maafa. Serikali ya Jenerali Pervez Musharraf ililazimika kuunda Tume ya Misaada siku chache baada ya tetemeko na kuikabidhi kwa Meja Jenerali Farooq Ahmad Khan, aliyelazimika kupanga kazi huku kazi yenyewe ikiendelea.

Wananchi hawakuisubiri tume. Kutoka Lahore, Karachi na miji mingine, watu walipakia malori kwa fedha zao na kuelekea kaskazini. Ulikuwa ukarimu mkubwa, na katika siku za kwanza uliokoa maisha, kwa kuwa vijiji vingi vya kando ya barabara vilikula chakula cha raia kabla ya kuona cha serikali. Lakini barabara nyembamba iliyofunguliwa juzi haiwezi kubeba huruma ya nchi nzima kwa wakati mmoja. Misururu ya magari ilizuia hata magari ya wagonjwa. Walioishi karibu na lami walipewa mara mbili na tatu, na wa juu hawakupata kitu. Mitumba, nguo nyingi zikiwa nyepesi na zisizofaa baridi ya huko, ilimwagwa kando ya njia na kubaki hapo ikiloa mvua. Kila anayefungasha nguo za zamani baada ya maafa angefaa kuziona picha za marundo yale.

Helikopta na hesabu zake

Kwa kuwa barabara hazikupitika, tegemeo likawa helikopta. Za kwanza kutoka nje zilikuwa nane za Marekani, zilizofika Oktoba 10 kutoka vita vya Afghanistan, tano kati yake zikiwa za aina ya Chinook. Baadaye ziliongezeka za Uingereza, Ujerumani na nchi nyingine, pamoja na zile zilizokodishwa na Umoja wa Mataifa, hadi kazi hiyo ikahesabiwa kuwa miongoni mwa operesheni kubwa kabisa za helikopta kuwahi kufanywa kwa ajili ya misaada. Haikuwa bila gharama ya damu: Oktoba 15 helikopta ya jeshi la Pakistan ilianguka karibu na Bagh na kuua askari sita waliokuwamo.

Msomaji asiyezoea mambo haya anaweza kudhani kwamba helikopta hulimaliza tatizo. Tazama hesabu. Helikopta ya Kirusi ya aina ya Mi-8 hubeba tani 3 hadi 4 katika hali nzuri, na kadiri inavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi na mzigo lazima upunguzwe. Hema la familia la turubai zito, linaloweza kustahimili baridi, lina uzito wa kilo 50 au zaidi. Kwa hiyo safari moja ya tani 3 ni mahema 60 kwa makisio mazuri, bila mfuko hata mmoja wa unga. Chinook hubeba takriban tani 10, lakini inahitaji uwanja mpana wa kutua, na kishindo cha upepo wake huweza kuangusha ukuta uliokwisha pasuka. Mawingu yakishuka bondeni, zote hukaa chini.

Ndiyo maana kila kilo iliyopanda iliizuia nyingine. Madaktari walitaka nafasi ya dawa, WFP ya chakula, mashirika ya makaazi ya mahema, na wanahabari nao walitaka viti. Mtu mmoja au kikao kimoja kilipaswa kusema ndiyo kwa huyu na hapana kwa yule, na hapo ndipo neno uratibu, ambalo kwenye makaratasi huonekana kavu, linapokuwa suala la nani atalala kwenye baridi.

Chombo kimoja kilichofanya kazi hiyo kina asili iliyo karibu na wasomaji wa Kiswahili. Kituo cha Pamoja cha Usafirishaji cha Umoja wa Mataifa, UNJLC, kilitokana na mzozo wa mashariki mwa Zaire wa mwaka 1996, pale mashirika yaliyokuwa yakihudumia wakimbizi wa Kivu yalipogundua kwamba yanagombania ndege na barabara zilezile. Kazi yake ilikuwa kujua: daraja lipi limevunjika, ghala lipi lina nafasi, ndege ipi inarudi tupu. Pakistan ilikuwa pia mahali pa kwanza palipojaribiwa mfumo wa klasta, ambamo kila sekta, kama vile afya, makaazi au usafirishaji, hupewa shirika moja la kuongoza. Mwanzoni mfumo huo ulizaa vikao vingi kuliko mahema, na wengi walilalamika kwamba mikutano ya Islamabad haikusikika Bagh. Hata hivyo ulidumu, na kazi ya UNJLC baadaye ilimezwa na klasta ya usafirishaji inayoongozwa na WFP.

Jan Egeland, Mnorway aliyekuwa mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, aliitaka jumuiya ya NATO kujenga daraja la anga mfano wa lile la Berlin la 1948. NATO haikufika huko, ila ilileta kutoka Ulaya na Uturuki karibu tani 3,500 kwa safari 168. Fedha zilikawia zaidi ya ndege. Umoja wa Mataifa uliomba kwanza dola milioni 272, kisha mwishoni mwa Oktoba ukapandisha ombi hadi karibu milioni 550, na hadi wakati huo ahadi zilizopatikana hazikufika theluthi. WFP ilionya hadharani kwamba helikopta zake zitasimama kwa kukosa fedha.

Ziko pia helikopta ambazo hazikuruka kabisa. India ilikuwa nazo, karibu zaidi kuliko za nchi yoyote. Pakistan ilikubali mahema na blanketi za India, zilizotua Oktoba 12, na ikasema itazipokea helikopta pia mradi zije bila marubani wa Kihindi. India haikukubali kuzitoa bila wanajeshi wake. Mstari wa Udhibiti unaoigawa Kashmir ulifunguliwa katika vituo vitano kuanzia Novemba 7, mwezi mmoja baada ya tetemeko, na waliovuka walikuwa wachache.

Mabati na nyumbu

Katikati ya Novemba ilikuwa dhahiri kwamba sehemu kubwa ya mahema yaliyogawanywa hayakuwa ya baridi. Uamuzi uliobadilisha mambo haukuwa wa teknolojia kubwa: badala ya kungoja mahema, familia zipelekewe mabati, misumari na zana, zijenge chumba kimoja chenye joto kwa mbao zilizofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba zao. Jeshi na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, walisaidiana kuwafikia wa juu kabisa. Mzigo ulipanda kwa lori hadi lami ilipoishia, kisha kwa jipu, kisha kwa nyumbu (wale wa punda na farasi, si wa Serengeti) ambao jeshi la Pakistan huwafuga kwa kazi hiyo, na mwisho kwa mabega ya wenyeji.

Wengi walikataa kushuka kambini. Wapangaji waliona ukaidi, lakini mkulima mwenye ng'ombe wawili na shamba lisilo na hati alijua kwamba akiondoka hana cha kurudia. Mpango ukalazimika kuwafuata waliko na kuwawekea akiba ya chakula kabla njia hazijafungwa.

Mwanzoni mwa Januari 2006 theluji nzito ilianguka na safari za anga zikasimama kwa siku kadhaa. Kwa jumla, lakini, majira yale ya baridi yalikuwa mapole kuliko ilivyohofiwa, na wimbi la pili la vifo lililotabiriwa halikutokea. Ni kiasi gani cha hilo kilitokana na mabati na kiasi gani kilitokana na hali ya hewa, wataalamu wameendelea kubishana. NATO iliondoka mwanzoni mwa Februari. Mwisho wa Machi serikali ikaanza kufunga kambi, na malori yakapanda tena mabonde ya Neelum na Jhelum, safari hii yakiwa yamebeba watu, mabati yao yamefungwa kamba juu ya paa.