Mwenye Kupanga Sahani katika Teatri Yetu

Siku hizi kuko kazi ya kupamba chakula mbele ya kukipiga picha, juu ya matangazo na vitabu vya upishi. Wanafunzi wetu hapa komini ya Kenya walitaka kutia mtu wa kazi hiyo ndani ya mchezo wao. Walimtoa mzima-mzima kwenye televisheni: hana ukoo, hana mkubwa wake, hata kusema kwake si kwa hapa. Watu walicheka kidogo, kiisha wakamsahau. Sisi tukajiuliza: mtu huyu hana babu katika mji wetu?

Babu yuko. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, na tangu hapo nyumba za wazungu ziliendeshwa na mpishi na boyi wa meza. Boyi njo alijua uma unalala upande gani na sahani gani inatangulia. Akirudi kwake, alinawa na kula bukari kwa mkono pamoja na wenzake. Alijua sheria za meza mbili. Mwaka 1965 boyi wa zamani walijiandikia wenyewe historia ya mji, katika Kiswahili chetu cha kila siku. Aliyeipanga ni André Yav, na inaitwa « Vocabulaire ya mji wa Elisabethville ». Mwaka uliofuata mji ukaitwa Lubumbashi.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1986. Profesa Johannes Fabian alikuwa anakula kuku pamoja na marafiki hapa Lubumbashi, na firigisi ikawekwa mbele yake. Kwa desturi, firigisi ni ya mtu wa heshima. Hapo akasikia neno hili: uwezo unaliwa muzima, haugawanywi. Akauliza kikundi cha Mufwankolo maana yake. Wao hawakuandika maneno kwanza. Walizungumza juu ya neno lenyewe, wakagawana nafasi, na kila mmoja akatafuta maneno yake wakati wa mazoezi. Mchezo wa mfalme na watu wake ukatokea, ukachezwa katika kijiji cha Kawama.

Basi, wasomaji wapendwa, kinyama kimoja juu ya sahani kilizaa mchezo muzima, kwa sababu kila mtu alijua ni cha nani.

Tukimtunga mwenye kupamba chakula, tumpe ujuzi huo wa meza mbili. Mpiga picha anataka firigisi ikae juu ya bukari, sawa pambo. Baba mkwe ameketi, anangoja heshima yake. Kuku ni mmoja. Mtu wetu atamsikiliza nani? Hapo wenye kutazama hawatamsahau, juu wao wenyewe watakuwa wanabishana.

Wazee waliofanya kazi ya meza wanapungua kila mwaka. Wanafunzi waende kuwauliza kwanza, kiisha warudi kutunga.